Ukiona pampu yako ya pumu inaisha kila mwezi

Mwalimu mwenzangu alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza ni duka gani hapa Tanga linauza pampu ya pumu kwa bei nafuu, kwa sababu ya kwake imeisha na aliinunua mwanzoni mwa mwezi. Nikamtajia duka, kisha nikamwomba apitie kliniki kwanza kabla ya kwenda huko. Alinyamaza kidogo, akasema nimeanza kuwa mkali. Ninayaandika haya kwa ajili yake, na kwa kila mwenye pumu anayenunua pampu kama anavyonunua vocha ya simu. Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa pumu tangu darasa la pili, na ninamuuguza mama yangu mwenye mapafu yaliyochoka.

Kwa miaka tisa tiba yangu yote ilikuwa salbutamoli, ile pampu ambayo wengi tunaiita ya bluu. Kifua kikibana napuliza mara mbili, baada ya dakika chache pumzi inarudi, naendelea na kipindi. Vumbi la chaki, napuliza. Baridi ya Julai na upepo wa kusi, napuliza. Jirani kachoma dawa ya mbu, napuliza. Sikuona ubaya wowote, maana dawa ilikuwa inafanya kazi.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu. Chumba cha bibi harusi kilikuwa kimefukizwa udi tangu alasiri, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa naye. Nikatoka uani kupuliza, nikarudi ndani. Nikatoka tena. Kufikia saa sita usiku kila mpulizo ulikuwa unanipa nafuu ya nusu saa tu, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika kwenye kisahani, moyo unapiga kama nimekimbia. Nilidhani kutetemeka kule ni ugonjwa, kumbe ni dawa yenyewe ilikuwa imenizidi, na bado kifua hakifunguki. Kaka yangu alinipakia kwenye bajaji. Hospitalini niliulizwa jina nikashindwa kulitaja lote kwa pumzi moja.

Nilipotulia, baada ya oksijeni, dawa ya mvuke na steroidi, daktari aliichukua pampu yangu mezani akaitikisa sikioni. "Hii ulinunua lini, Mwalimu?" Nikamwambia wiki tatu zilizopita. Akanigeuzia kopo nisome: mipulizo 200. Wiki tatu ni siku 21. Alinipa kalamu nigawe mwenyewe, na mimi nafundisha hesabu. Ilikuwa karibu mipulizo kumi kwa siku, na sikuwahi kuijumlisha.

Alichonieleza usiku ule ningependa kila mwenye pampu akijue. Katika pumu kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. Misuli inayozunguka njia za hewa inajikaza, na ukuta wa ndani wa njia hizo unavimba na kutoa makohozi. Salbutamoli inalegeza misuli. Uvimbe haiugusi. Kwa hiyo kila nilipopuliza nilikuwa nafungua mlango huku moto ukiendelea kuwaka ndani ya nyumba, na kwa kuwa mlango ulifunguka, sikuutafuta moto. Tena mwili ukizoea kupewa dawa hiyo kila siku kwa wingi, itikio lake hupungua, ndipo unapoona mipulizo miwili haitoshi, unaongeza.

Kinachotibu uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Hiyo hutaisikia. Ukiivuta leo kifua hakifunguki palepale, na ndiyo maana watu wengi huitupa wakisema haifai. Inajenga kinga kwa siku na wiki, na inataka itumiwe hata siku ambazo hujambo kabisa. Usiogope jina la steroidi. Kiasi kinachovutwa ni kidogo sana ukilinganisha na vidonge. Sharti moja tu: baada ya kuvuta, sukutua kinywa kwa maji uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti ya kukwaruza. Mimi huvuta yangu kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku, basi kusukutua hakunipiti.

Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, lilibadilisha ushauri wake: watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake. Wanapendekeza dawa yenye steroidi, na kwa wengi pampu moja iliyochanganya steroidi na formoteroli, ambayo inafungua haraka na hapohapo inatibu uvimbe. Mwongozo huohuo unasema anayemaliza makopo matatu au zaidi ya salbutamoli kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio, na anayefikia kumi na mawili, yaani moja kila mwezi, hatari ya kufa inapanda. Ndiyo sababu nilimwambia mwenzangu aende kliniki. Sikutaka kumtisha. Niliihesabu pampu yake kwa sababu yangu hakuna aliyeihesabu.

Kuna jambo la pili lililonifedhehesha zaidi ya hesabu. Muuguzi wa kliniki aliniambia, "Hebu vuta nikuone." Nikavuta kama nilivyozoea miaka yote. Akanishikia kioo kidogo, nikaona ukungu wa dawa ukitoka puani na pembeni mwa midomo. Nilikuwa nabonyeza kwanza, kisha navuta kwa pupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa iliishia ulimini na kooni. Aliniongoza upya: tikisa pampu vizuri, toa pumzi yote, bana midomo kuizunguka, anza kuvuta taratibu kwa kinywa na ndipo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta polepole hadi mwisho, funga pumzi ukihesabu hadi kumi. Ukitaka wa pili, subiri kama nusu dakika hadi dakika, tikisa tena. Bonyeza mara moja kwa pumzi moja, usibonyeze mara mbili mfululizo. Pampu mpya, au iliyokaa muda mrefu bila kutumika, jaribu kwanza kwa kupuliza hewani mara chache.

Kama hilo la kubonyeza na kuvuta kwa pamoja linakushinda, na linawashinda wengi, hasa watoto na wazee, tumia spesa, ile chupa inayokaa kati ya pampu na mdomo. Za dukani ni ghali na si kila duka linazo. Lakini chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, waliwapima watoto waliobanwa na pumu wakitumia chupa ya soda ya ujazo huo, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba ilikaribiana na spesa ya kununua. Mdomo wa pampu unaingia kwa kubana kwenye tundu lililotobolewa kitakoni mwa chupa, mtoto anapumulia kwenye shingo yake. Mpulizo mmoja, anapumua kawaida mara tano au sita, ndipo mpulizo mwingine. Mwombe muuguzi akuoneshe kuikata, maana tundu likipwaya dawa inapotea. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa kwa kitambaa, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa huvutia dawa ikagandia kwenye kuta zake.

Na vidonge? Kuna wakati pampu ilikosekana nikauziwa vidonge vya salbutamoli bila hata kuulizwa swali. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya mpulizo mmoja wa mikrogramu 100, na inabidi ipite tumboni na kwenye damu, izunguke mwili mzima, ndipo kidogo kifike kwenye mapafu. Moyo wangu uliijua dawa ile kabla ya kifua. Ukiweza kupata pampu, usibadilishe kwa vidonge kwa sababu ya bei kabla hujazungumza na daktari.

Sasa Mama. Mama yangu hajawahi kuvuta sigara. Amepikia kuni kwa zaidi ya miaka arobaini kwenye jiko la makuti lenye dirisha moja, na sasa ana ugonjwa sugu wa mapafu ambao madaktari huuita COPD. Njia zake za hewa zimebaki nyembamba na haziachii kabisa kama zangu. Kwa hiyo dawa zake si zangu, ingawa sote tunakohoa na vifua vyetu vinalia filimbi. Mtu wa COPD anaweza kupewa dawa ya kufungua inayokaa muda mrefu peke yake. Mwenye pumu hapaswi kuitumia ya aina ya salmeteroli au formoteroli bila steroidi, ni hatari. Msiazimane pampu nyumbani.

Mdogo wangu aliyeko Muscat alimtumia Mama kapsuli za tiotropiamu, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa kwa muda mrefu. Alizifungasha vizuri na kuandika "moja kila siku asubuhi". Mama akawa anazimeza. Kila asubuhi, baada ya uji, kwa maji. Kile kifaa kidogo cha plastiki alikiona kama boksi la kuhifadhia. Nilikuja kugundua wiki ya pili nilipomuuliza kwa nini nafuu haiji. Kapsuli ile hutiwa kwenye kifaa, hutobolewa, unga wake ukavutwa kwa pumzi. Tumboni haina kazi. Mama alisema, "Mwanangu, kapsuli nimemeza tangu nizaliwe, ningejuaje?" Ana haki kabisa. Aliyempa dawa alipaswa kumwonesha, na mmoja wa waliompa dawa ni sisi wanawe. Kumbuka pia kwamba dawa za jamii hiyo hukausha kinywa, na zinaweza kumziba mkojo mzee mwenye tezi dume au kumuumiza macho mwenye presha ya macho, kwa hiyo daktari aambiwe.

Safari nyingine Mama alikuwa kwenye vidonge vya aminofilini, dawa nyingine ya kufungua kifua, akaugua njia ya mkojo, akaandikiwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, mahali pengine. Siku ya tatu anatapika, moyo unakwenda mbio, usiku halali. Aminofilini na teofilini ni dawa ambazo kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno, na siprofloksasini au eritromisini huzifanya zijazane mwilini. Ikizidi sana inaleta degedege. Tangu siku hiyo kila anayemwandikia Mama dawa huoneshwa kwanza dawa zake zote. Taja pia kama una pumu unapopewa propranololi kwa ajili ya moyo, au matone ya macho ya timololi. Yote mawili yanaweza kubana kifua. Na wapo wenye pumu ambao aspirini, diklofenaki au ibuprofeni huwaletea shambulio.

Shambulio likikujia, kaa wima, usilale. Legeza nguo. Puliza salbutamoli kwa spesa mpulizo mmoja mmoja hadi minne, subiri dakika nne, kama hakuna nafuu rudia, na hapo mtu awe ameshatafuta usafiri. Endelea kupuliza njiani. Nafuu ya salbutamoli inatarajiwa kukaa saa nne au zaidi. Ikikatika kabla ya hapo, usingoje asubuhi kama nilivyotaka kungoja mimi. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo iliyogeuka rangi, au mtoto ambaye kifua kilikuwa kinalia filimbi kikanyamaza ghafla huku bado anahangaika, huyo apelekwe sasa hivi. Kunyamaza huko si kupona, ni hewa kutopita.

Ramadhani tunaulizana sana kuhusu hili. Masheikh wana kauli zaidi ya moja kama pampu inabatilisha saumu, muulize unayemwamini. Dawa ya kinga inayotumiwa mara mbili kwa siku inaweza kupangwa wakati wa daku na wa futari, basi hapo hakuna tatizo. Lakini ukibanwa mchana, puliza. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine. Na wajawazito, tafadhali msiache dawa zenu za kuvuta kwa kumhofia mtoto. Pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayomnyima hewa.

Kuhusu kujua kama kopo limeisha: lile jaribio la kuliweka lielee kwenye beseni la maji haliaminiki. Pampu huendelea kutoa upepo hata dawa ikiwa imekwisha. Kama yako haina kihesabio, andika tarehe kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito siku unayoifungua, na uweke alama kwenye kalenda kila unapopuliza. Usiiache kwenye dashibodi ya gari au dirishani penye jua.

Kalenda yangu imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mwezi uliopita ina alama tatu, zote za siku moja, siku walipochoma takataka mtaa wa pili. Mwenzangu amekubali kwenda kliniki Jumatano. Nimemwomba abebe pampu yenyewe na avute mbele ya muuguzi, asieleze kwa maneno.