Muulize Fundi: Faili hazijaguswa, Emacs inasema zimebadilishwa

SWALI: Shikamoo fundi. Tuko wawili, tunaandika programu ya kurekodi kilo za zabibu za wanachama wa ushirika huku Hombolo. Mimi nakaa Nkuhungu, natumia Ubuntu, ambayo ni Linux, na kihariri cha Emacs. Mwenzangu yuko Hombolo, ana Windows. Bando likikata tunatumiana folda nzima kwa flashi, tunamkabidhi kondakta wa daladala. Sasa flashi ikinifikia nikanakili folda, kila faili ninayofungua Emacs inasema imebadilishwa, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa tangu mwaka jana. Halafu nikikomiti kwenye terminali (nikiingiza mabadiliko kwenye historia ya mradi kwa kuandika amri), Emacs inaendelea kusema imebadilishwa mpaka niifunge faili na kuifungua tena. Nimeiondoa Emacs nikaiweka upya, wapi! Nisaidie. — Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Emacs umeionea bure, na mjumbe hauawi. Haina daftari lake la kujua faili ipi imebadilika. Ukifungua faili, inaita kimyakimya Git, programu inayotunza historia ya mradi wenu, inaiuliza hali ya faili hiyo, kisha inakuandikia jibu kwenye mstari ulio chini ya dirisha. Utazame vizuri mstari huo. Ukiona `Git-main`, yenye kistari (`main` ni jina la tawi la kazi), faili iko vilevile ilivyokomitiwa. Ukiona `Git:main`, yenye nukta mbili, imebadilishwa. Tofauti ni ndogo kama punje ya ulezi, na vijana wengi wanaoniletea laptopu hapa Majengo hawajawahi kuiona.

Kwa hiyo kabla hujaondoa programu yoyote, ingia kwenye folda kwa terminali uandike `git status`. Git ikisema nayo kwamba zimebadilishwa, ugonjwa uko kwenye folda. Git ikisema hakuna kitu huku Emacs inashikilia lake, hapo ndipo Emacs ina kesi ya kujibu. Wewe umepatwa na yote mawili, moja nyuma ya jingine.

Tuanze na folda. Git haisomi kila faili neno kwa neno kila unapoiuliza. Ndani ya `.git` kuna faili iitwayo `index`, na humo imeandika ukubwa wa kila faili, saa ya mwisho kuguswa na ruhusa zake. Vikilingana, inapita. Visipolingana, ndipo inasoma yaliyomo. Kunakili folda kwenye flashi na kuitoa kunabadili saa, lakini hilo peke yake halina neno, maana Git itasoma yaliyomo, itakuta ni yaleyale, na itanyamaza. Kama hainyamazi, kuna kitu kimebadilika kweli, ila ni kitu ambacho macho yako hayakioni kwenye ukurasa.

Andika `git diff` uone. Ukikuta `old mode 100644` ikifuatiwa na `new mode 100755`, bila mstari wa msimbo uliobadilika, ni ruhusa. Flashi iliyofomatiwa kwa exFAT haina pa kuhifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo Ubuntu huzipa faili zote ruhusa moja, pamoja na ile ya kuendeshwa kama programu. Ukizirudisha kwenye diski yako zinakuja nayo. Git inaona faili ya maandishi imegeuka programu, inapiga kelele. Hili hutokea zaidi kama folda ilizaliwa kwenye Ubuntu yako, kwa sababu Git ilipoianzisha hapo iliandika kwamba ruhusa ni za kuaminika. Ifute imani hiyo:

`git config core.fileMode false`

Mpangilio huo unakaa ndani ya folda yenyewe, kwa hiyo utasafiri nayo.

Lakini kama `git diff` inakuonyesha faili nzima imefutwa na kuandikwa upya, mistari ileile, na mwishoni mwa mistari mipya kuna `^M`, hapo ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux hutumia LF tu. Git ya Windows, ukiisakinisha kwa kubonyeza endelea, endelea, inageuza LF kuwa CRLF inapoweka faili kwenye diski, na inazirudisha wakati wa kukomiti. Mwenzako haoni tatizo lolote. Ila mpangilio huo uko kwenye kompyuta yake, haumo ndani ya folda, kwa hiyo haupandi daladala. Faili zinakufikia na CRLF zake na Git yako haijui la kufanya. Kuhakikisha, andika `git ls-files --eol`. Ukisoma `i/lf w/crlf`, umeshamkamata.

Dawa yake ni faili iitwayo `.gitattributes` yenye mstari mmoja:

`* text=auto`

Ikomiti. Faili hiyo ni sehemu ya mradi, kila mtu anaipata, na Git zenu zote mbili zitaanza kulinganisha bila kujali alama hiyo. Kama kuna CRLF zilizokwisha kuingia kwenye historia, endesha `git add --renormalize .` mara moja, kisha komiti. Amri hiyo inahitaji Git 2.16 au ya baadaye.

Na tafadhali, kabla hujapata jibu usiandike `git commit -a` ili kelele ziishe. Ukifanya hivyo na CRLF, `git blame` itakutaja wewe kama mwandishi wa kila mstari, na siku hesabu za kilo za mkulima zikikosewa mtaulizana hadi usiku.

Ningekuwa mimi, folda nisingeitia kwenye flashi kabisa. Kinachotakiwa kusafiri ni historia peke yake. Andika:

`git bundle create zabibu.bundle --all`

Inatoka faili moja yenye komiti zote na matawi yote. Mpe kondakta hiyo. Mwenzako akiipokea anaingia kwenye folda yake na kuandika `git pull`, njia ya faili hiyo kwenye flashi, kisha `main`. Faili za kazi hazijaondoka kwake wala kwako, kila Git inaziandika kwa desturi ya kompyuta yake, na habari za ruhusa na CRLF zinaishia hapo. Kumbuka tu kwamba kazi ambayo hujaikomiti haitakuwemo.

Sasa Emacs. Ukihifadhi faili ndani yake, inauliza Git upya. Ukikomiti kwenye terminali, faili yenyewe haijaguswa hata herufi moja, kilichobadilika ni `.git`, na Emacs haina sababu ya kugeuza shingo. Kwa haraka, andika `M-x vc-refresh-state`. Kwa kudumu, weka haya kwenye faili yako ya mipangilio:

`(setq auto-revert-check-vc-info t)`
`(global-auto-revert-mode 1)`

Kwa kawaida itakagua kila sekunde 5. Ukiwa na faili nyingi wazi na laptopu ya zamani utasikia feni ikilia. Basi tangulia kuweka `(setq auto-revert-interval 30)`. Au komiti ukiwa ndani ya Emacs kwa `C-x v v`, hapo yenyewe ndiyo imefanya kazi, haihitaji kuambiwa.

SWALI: Fundi, kompyuta ya ofisini kwetu ina folda ya mradi iliyowekwa na msimamizi. Kihariri changu hakionyeshi rangi wala alama yoyote, kana kwamba hakuna Git. Nyumbani kinafanya kazi vizuri. — Msomaji, Singida

JIBU: Andika `git status` humo, naamini utakuta inalalamika kwamba umiliki wa folda unatia shaka. Tangu toleo 2.35.2 la Aprili 2022, Git inakataa kufanya kazi kwenye folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, kwa sababu mtu mbaya anaweza kupandikiza `.git` yenye mipangilio ya kuendesha amri zake kwa jina lako. Kihariri kikikataliwa, wakati mwingine kinanyamaza tu. Mwombe msimamizi akukabidhi umiliki wa folda. Akichelewa, na kama unaiamini folda hiyo, andika `git config --global --add safe.directory` ikifuatiwa na njia yake kamili, kisha ufunge kihariri na kukifungua upya. Wapo watakaokushauri uweke nyota badala ya njia, ili folda zote zikubalike. Usiwasikilize, hasa kwenye kompyuta mnayoshirikiana.