Jibu: Mtoto wa miezi 11 hajakaa, nisubiri?

Habari dada. Umesema mwanao ana miezi 11, hajakaa mwenyewe, na alizaliwa njiti wa miezi saba. Kwanza toa miezi miwili aliyowahi; mhesabu ana 9. Kwa umri huo wapo ambao ndiyo kwanza wanajifunza kukaa, kwa hiyo miezi isikutie hofu peke yake.

Ila angalia haya leo: shingo imekaza, yaani anashika kichwa mwenyewe? Anatumia mikono yote miwili? Ukimwinua, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi? Ukiona shida yoyote hapo usisubiri hata wiki. Beba kadi ya kliniki, omba rufaa ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo). Mimi nilianzia zahanati ya mtaani, wakaniandikia kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Dodoma.

Wangu alikuwa hivyohivyo. Majirani walisema tumchimbie shimo la mchanga tumkalishe humo, sikufanya. Nilimlaza kifudifudi kwenye mkeka akiwa macho, dakika chache mara nyingi kwa siku, kisha nikamkalisha katikati ya miguu yangu nikimshika nyonga, siyo kwapani. Ukimshika kwapani mgongo wake haufanyi kazi. Nikitikisa kopo lenye mahindi ndani, sauti ilimfanya ageuke kulitafuta.

Je, shingo yake ikoje? Tuandikie.