Mbwa Wetu Aliponionyesha Meno Nikiwa na Mimba ya Miezi Sita

Nilikuwa nimeinama kuokota soksi karibu na mahali anapolala Tomi. Hakubweka. Alikaza mwili wote, akanitazama kwa pembe ya jicho hadi weupe wake ukaonekana, kisha ikatoka ngurumo nzito ya kifuani ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka saba tuliyoishi naye. Nilirudi nyuma polepole, mkono mmoja tumboni, nikaingia chumbani nikalia.

Ninaandika kwa ajili ya mama au baba aliye katika hali hiyo leo. Najua inavyouma. Unampenda mbwa wako na papo hapo unamwogopa, tena unaona haya kumwogopa, na siku za kujifungua zinazidi kukaribia. Tulikosea mambo kadhaa kabla ya kupata njia, na makosa hayo ndiyo ninayotaka uyajue mapema kuliko sisi.

La kwanza, tulimkaripia. Mume wangu alimfokea na kumfungia nje jioni nzima, na kwa siku kama kumi kila aliponguruma alipata makaripio. Kweli akaacha kunguruma. Tukapumua. Tukaambiana ametambua kosa lake. Halafu asubuhi moja nikapita karibu naye na beseni la nguo, akanirukia bila sauti yoyote, meno yakanasa kwenye mkono wa sweta. Ngozi haikuchanika, lakini miguu iliniishia nguvu nikakaa chini palepale.

Daktari wa mifugo alipotusikiliza alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Hamkumtuliza, mmemnyamazisha tu."

Mbwa husema mengi kabla ya kuuma. Hugeuza uso pembeni. Hulamba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hulaza masikio, huficha mkia, huganda kama kipande cha ubao. Hayo yote yasiposikilizwa ndipo hunguruma, na ngurumo isiposikilizwa hung'ata hewa, na baada ya hapo huuma. Ukimwadhibu kwa kunguruma, hofu au maumivu yaliyomfanya angurume yanabaki palepale. Kinachopotea ni onyo tu, na mtoto mchanga hana namna ya kujilinda na mbwa asiyetoa onyo. Nilipokumbuka nyuma niliona Tomi alikuwa akizungumza nasi kwa wiki nyingi. Nilipokaa kwenye kochi alilolala, aliinuka akaondoka. Sisi tulisema anaona wivu kwa sababu ya mimba.

Haukuwa wivu. Picha ya eksirei ilionyesha kiungo cha nyonga ya kushoto kimelika vibaya. Mimi, kwa tumbo lile, nilikuwa nikijitupa kwenye kochi kwa uzito, nikimgonga bila kujua, nikimruka pale mlangoni nisipoona ninapokanyaga. Kila nilipomkaribia aliumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mbwa ni bingwa wa kuficha maradhi. Hakuchechemea hata siku moja. Ila alikuwa amepunguza mwendo kwenye ngazi, amekataa kuruka ndani ya gari, na alikuwa akilamba paja lilelile kila usiku. Tuliyaona yote, tukasema ni utu uzima.

Kwa hiyo mbwa mzima mwenye tabia njema ya miaka mingi akibadilika ghafla, mpeleke akapimwe mwili kabla hujamtafuta mtu wa kumfundisha adabu. Mwombe daktari aguse viungo na mgongo, atazame meno na ndani ya masikio, apime tezi ya thairoidi iliyo shingoni, achunguze kama mbwa bado anaona na kusikia vizuri. Mbwa anayepoteza kusikia hushtuka anapoguswa usingizini, akafyatuka. Jino bovu peke yake linatosha kumgeuza mnyama mpole. Na tafadhali usimpe dawa zako za maumivu ukidhani unamsaidia: ibuprofen na paracetamol zinaweza kumuua mbwa. Tomi alipewa dawa ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake, na baada ya wiki mbili alikuwa akipanda ngazi bila kusimama katikati.

Lipo jambo moja lisilosubiri miadi. Mahali penye kichaa cha mbwa, badiliko la ghafla la tabia ni dharura, hasa kwa mbwa asiyechanjwa. Swali la kwanza la daktari wetu lilikuwa tarehe ya chanjo, na nilishukuru kwamba cheti kilikuwa mkobani. Mbwa akikung'ata au kukuparua hadi ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimba si sababu ya kukwepa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mbwa mwenyewe, kama anaonekana mzima, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10.

Nilidhani dawa ikishafanya kazi tumemaliza. Sivyo. Nyonga ilipata nafuu lakini kumbukumbu ilibaki: kwake mimi nilikuwa mtu anayekuja na maumivu. Ikabidi nimfundishe upya maana ya hatua zangu. Nilikuwa nikipita mbali naye, upande wa pili wa chumba, nikimrushia kipande kidogo cha nyama bila kusimama wala kumtazama machoni. Siku kadhaa hivyohivyo. Alipoanza kuinua kichwa na kuchezesha mkia aliponiona, nikasogea hatua moja. Alipokaza mwili, nilijua nimeharakisha, nikarudi mbali. Ilikuwa kazi ya dakika tano, mara tatu kwa siku, na kuna siku nilichoka nikatamani kuiacha. Usiiache. Lakini pia usiirefushe; mbwa aliyechoka hajifunzi kitu.

Wakati huohuo tulibadilisha nyumba. Tuliweka geti dogo la mbao kwenye mlango wa sebule, na matandiko yake tukayahamishia kona ambayo hakuna mtu anayepita, tukakubaliana kwamba akiwa pale haguswi na yeyote, hata kwa mapenzi. Zamu za kumtembeza tukazihamishia kwa mume wangu, na mahali pa kulala pakahama kutoka chumbani kwetu, yote hayo miezi miwili na zaidi kabla ya mtoto. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hungoja. Mtoto akifika, na siku hiyohiyo mbwa akapoteza kitanda, matembezi na mtu wake, mnapanda chuki ambayo haikuwa lazima.

Tulimzoesha pia kikapu cha mdomoni cha kumzuia asiume, kile chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji, si kile cha kitambaa kinachobana taya. Wiki mbili nzima alikula nyama kutoka ndani ya kile kikapu kabla hatujafunga mkanda wake hata mara moja. Kuna watu wanaokiona kama adhabu au fedheha. Mimi nilipomwona amekivaa huku anatingisha mkia nilipata usingizi wa kwanza wa maana baada ya mwezi.

Sauti ya kilio cha mtoto tulianza kuichezesha kwenye simu. Mara ya kwanza tuliweka kubwa mno, akainuka na kutoka chumbani. Tukashusha hadi ikawa karibu haisikiki, nyama ikaja nayo, na sauti ilipozimwa nyama nayo ikakoma. Ilichukua wiki tano kufika kwenye sauti ya kweli. Wapo wanaoshauri kutembea na mwanasesere mikononi. Sidhani mbwa anadanganyika. Mwanasesere hana harufu ya mtoto wala pumzi. Lakini sisi wenyewe tulipata mazoezi ya kufungua geti na kumwelekeza mbwa kwa maneno tukiwa na mikono iliyojaa, na hilo lilitusaidia sana baadaye.

Sasa niseme lililo gumu. Mama mkwe wangu alikuja akakaa nami jikoni akasema, "Mwanangu, huyu mbwa muondoeni. Mjukuu wangu simweki rehani." Nilikasirika, lakini hakuwa amekosea kuuliza. Mimi na mume wangu tukapanga siku ya kuamua, mwishoni mwa mwezi wa nane wa mimba, kabla mtoto hajaja, kwa sababu tulijua baada ya kujifungua hatutakuwa na nguvu za kufikiri. Tulijiuliza: je, tunajua hasa kinachomchokoza? Je, anatoa onyo tena kabla ya kufika kwenye meno? Je, tunaweza kuwatenganisha kila saa, kila siku, hata tukiwa hoi? Na je, kila anayeishi humu ndani amekubali? Jibu moja la hapana lingetosha kumtafutia Tomi makazi mengine.

Kama majibu yenu ni hapana, nakuomba usijichukie. Mwambie ukweli wote atakayemchukua, pamoja na siku alipong'ata na kwa nini; kumficha mtu jambo hilo ni kuihamishia hatari nyumba nyingine yenye watoto. Wapo pia mbwa wanaouma kwa kina, bila onyo, bila sababu inayoonekana, na daktari akashauri walazwe milele, yaani wafe kwa sindano bila maumivu. Nimekaa na mama aliyepitia hilo. Hakuna mtu aliyempenda mbwa yule kuliko yeye. Na kabla ya kufika huko, uliza kuhusu dawa za kupunguza wasiwasi, kwa kuwa baadhi ya mbwa huzihitaji. Uliza mapema, maana nyingi huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi.

Tomi alipata ndiyo nne. Siku niliyotoka hospitali niliingia mikono mitupu, nikamsalimia kama zamani, mtoto akiwa na baba yake kwenye gari. Siku tatu za mwanzo hawakukutana. Alinusa harufu kupitia geti, akasikia kilio, akapewa nyama. Siku ya nne mume wangu alimshika kwa kamba iliyolegea, mimi nikakaa upande wa pili wa chumba na mtoto kifuani. Tomi alitazama, akageuza uso, akaitwa nje. Sekunde chache tu. Hatukumsogeza amnuse mtoto wala hatukumlazimisha kukaa. Mbwa anayegeuza uso amesema ametosheka, na tulikuwa tumejifunza kumwamini anapotuambia.

Kanuni iliyobaki haina msamaha: hawaachwi pamoja peke yao. Si kwa kwenda kufungua mlango, si kwa kuzima jiko. Mzazi aliyesinzia hahesabiki kuwa mlinzi, kwa hiyo usiku mlango kati yao unafungwa. Atakayekuambia mbwa wake ni mpole hivyo hahitaji haya, mwache aseme, ila nyumbani kwako usilegeze.

Kitu ambacho hakuna aliyetuonya ni kutambaa. Tulikuwa tumeanza kustarehe, mtoto ana miezi saba, na ghafla kile kifurushi kilicholala mahali pamoja kikaanza kwenda kwa kasi sakafuni, kikishika kila chenye manyoya. Kwa mbwa mwenye nyonga mbovu huyo ni kiumbe mpya kabisa. Tukaongeza geti la pili, tukarudi kwa daktari, tukaanza upya na nyama kutoka mbali kama vile siku za mimba.

Mtoto ana miezi kumi na minne sasa. Juzi alirusha mchemraba wa mbao juu ya geti, ukamgonga Tomi palepale nyongani. Tomi akaganda, akalamba pua, akanguruma, ngurumo ileile nzito ya kifuani. Sikumfokea. Nilimbeba mtoto nikampeleka chumba kingine, nikarudi nikamrushia Tomi nyama mbili kwenye kona yake, nikampigia daktari. Tunampeleka Jumatatu, pengine kipimo cha dawa hakitoshi tena.