Subaru ilianzia kwenye ndege

Umeuliza kama Subaru ilizaliwa kampuni ya magari, na kwa nini wenye nazo huzisifu huku wakilalamika. Chimbuko lake ni ndege. Kampuni ya Nakajima, iliyoanzishwa 1917, iliunda ndege za kivita za Japani. Baada ya vita ikavunjwa, na mwaka 1953 vipande vyake vikaungana upya kuwa Fuji Heavy Industries, iliyotengeneza magari ya Subaru. Gari dogo la Subaru 360 likatoka 1958, kisha mwaka 1966 ikaja Subaru 1000 yenye injini ya boksa, ambayo silinda zake hulala kushoto na kulia.

Hapo ndipo penye utamu na uchungu. Injini iliyolala huweka uzito karibu na ardhi, gari likatulia kwenye kona. Ongeza magurudumu yote manne yanayovuta, utelezi hausumbui sana. Lakini injini za boksa za EJ25 (lita 2.5) zisizo na turbo, hasa za mwishoni mwa miaka ya 1990 na zilizofuata, zina sifa mbaya ya kuvujisha gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Kabla ya kununua, acha injini ipate moto, kisha tazama tangi dogo la maji ya rejeta: mapovu yakipanda mfululizo, huenda gasketi hiyo inavuja, achana nayo. Uliza pia taiming belti, mkanda unaoendesha valvu kwa mpangilio na pistoni, ilibadilishwa lini, maana ikikatika valvu hugonga pistoni.

Injini za boksa za FB, zilizoanza 2010, zinatumia cheni badala ya belti hiyo. Ningechagua hizo, ila zile za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, kwa hiyo vuta dipstiki mara kwa mara.