Fundi Anajibu: Kulifikia Tumbo la Kibodi ya Linotype

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia mashine moja, Linotype, ile iliyopanga magazeti kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa tangu New York Tribune walipoanza kuitumia mwaka 1886. Na zote zinalalamikia kibodi.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana kila karakana ina yake. Ukibonyeza kitufe, wenzo wake unasukuma juu ufito uliosimama wima nyuma ya kibodi. Ufito unakiondoa kifyatuo kilichoshikilia nira. Nira inashuka, na kemu (kigurudumu chenye meno) iliyobebwa na nira hiyo inatua juu ya rola ya mpira inayozunguka muda wote. Meno ya kemu yanauma mpira, kemu inazunguka mara moja, na kwa kuwa si duara kamili inainua nira, nira inainua rodi, na rodi inaachilia kalibu moja ya herufi kutoka kwenye magazini, lile sanduku la juu linalohifadhi kalibu. Mzunguko ukiisha, kifyatuo kinaidaka nira. Vitufe vya herufi ni 90, na kabari za nafasi, zile zinazotenganisha maneno, nazo zina kemu yao. Kemu zimepangwa safu mbili, ya mbele na ya nyuma, kila safu na rola yake.

Fundi, shikamoo. Kemu zikichafuka tunapoteza siku nzima kuzifikia. Safu ya mbele tunaimudu, ya nyuma ni mateso. Tumeona picha ya Linotype ambayo kibodi yake inafunguka kama mlango. Tukate fremu ya mashine yetu na kuiwekea bawaba? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Bawaba ziacheni dukani.

Hizo mlizoziona zilitengenezwa hivyo kiwandani. Baadhi ya mashine za miaka ya 1930 na kuendelea zilikuja na kibodi ya kufunguka pembeni, kwa sababu hiyo hiyo mnayolalamikia: mkono haufiki nyuma. Lakini pale bawaba na sehemu za kufungia zilichongwa kwa pamoja, hivyo kibodi ikifungwa inarudi palepale ilipotoka. Kwenye mashine ya zamani, kila rodi inakaa juu ya nira yake, na nira iliyo jirani haiko mbali. Bawaba ikilegea kidogo tu, nira ya herufi moja inaanza kuinua rodi ya pili, au inainua zote mbili nusunusu. Mtaandika «kitabu» na mashine itawapa kitu kingine, na kosa hilo hamtalipata kwa kusafisha.

Cha kurekebisha ni jinsi mnavyoifikia. Muda mwingi haupotei kwenye kufungua, unapotea kwenye kutafuta nira zilizoanguka na kurudisha kemu zilizochanganyika. Fanyeni hivi:

Zimeni mota na kukata umeme kwenye swichi kuu. Chungu cha risasi kikiwa kimewaka kinakaribia nyuzi 285 za Selsiasi na kiko karibu na mwili wenu kuliko mnavyodhani, hivyo kazi ya safu ya nyuma ifanyeni kikiwa kimepoa. Mkishazima, tazameni kwamba hakuna kemu iliyobaki katikati ya mzunguko. Kama ipo, zungusheni rola kwa mkono mpaka itulie.

Vueni mkanda wa kibodi, kisha mfuniko wa kemu. Sasa hatua ambayo watu wanairuka: fungieni nira. Kwenye fremu za kemu kuna matundu ya kupitishia rodi nyembamba inayozuia nira zisishuke fremu ikitolewa. Rodi ya kiwandani ikiwa imepotea, na kwa kawaida imepotea, pimeni tundu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, kisha mtafute chuma kilichonyooka kinachopita bila kulazimishwa. Spoki ya baiskeli huwa na unene wa milimita 2 hivi; ikiingia na isichezecheze, inafaa, mradi urefu utoshe. Kateni kichwa chake, sugueni ncha kwa tupa iwe butu, na pindeni upande mmoja uwe mkono. Tengenezeni mbili, ya mbele na ya nyuma, mzifunge kitambaa chekundu ili mtu asiwashe mota zikiwa ndani.

Ndipo mlegeze skrubu za fremu. Vuteni fremu polepole kwa mstari ulionyooka, mikono miwili, bila kuipindisha. Ikikataa, msitumie nguvu. Kuna nira imenasa kwenye ufito, au skrubu moja haijatoka yote.

Kabla ya kuvuta, wekeni meza ya kupokelea. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Pigeni stuli ya mbao yenye kimo sawasawa na sehemu ya chini ya fremu, juu yake bandikeni vipande viwili vya mbao kama kitanda cha kuilaza ili kemu zisiguse chochote. Fremu ikitoka inatelezea pale, hakuna wa kushikilia, hakuna wa kutafuta pa kuweka. Pembeni wekeni trei ya vyumba 91. Trei za mayai zinafaa kabisa: trei ya mayai 30 mara tatu ni 90, na kemu ya kabari ipewe kikopo chake. Andikeni herufi kwenye kila chumba kwa kalamu ya wino usiofutika. Kemu zinafanana, lakini kila moja imezoeana na nira yake kwa miaka, na kuzichanganya ni kujiletea ugomvi usio wa lazima.

Mwisho, zibadilisheni skrubu za mfuniko zilizoliwa kichwa. Mfuniko ambao bisibisi inateleza kila siku ndio sababu ya watu kuahirisha usafi mpaka kibodi igome. Mkitaka dirisha la kuchungulia, msitoboe mfuniko wa asili. Kateni nakala ya bati, mtoboe hiyo, ule wa asili uhifadhiwe.

Mashine yangu inatoa «e» mbili nikibonyeza mara moja. Nifungue kibodi yote? – Mpanga chapa, Mombasa

Usifungue chochote bado. Vua mfuniko tu, washa tochi, na hesabu mizunguko ya kemu ya «e».

Kemu ikizunguka mara moja na kalibu mbili zikashuka, kibodi haina hatia. Tatizo liko juu, kwenye mlango wa magazini: umechakaa, umechafuka, au springi inayourudisha imechoka. Kemu ikizunguka mara mbili, hapo ndipo ugeukie kibodi, na mara nyingi kosa ni kifyatuo kuchelewa kurudi chini ya nira. Kinachokichelewesha ni ufito mzito. Vumbi la karatasi likikutana na oili kwenye fito linakuwa gundi. Kidole kinachokawia juu ya kitufe nacho huleta kalibu ya pili, kwa hiyo kabla ya kulaumu chuma, mwombe mtu mwingine abonyeze.

Kipimo kizuri zaidi ni cha mkono. Zima mota, toa mkanda, bonyeza kitufe mara moja kwa wepesi, kisha zungusha rola taratibu kwa kidole. Utaona nira ikishuka, meno yakiuma mpira, nira ikipanda, rodi ikitikisika, halafu utasikia kijisauti kifyatuo kikiidaka nira. Usipokisikia, umempata mkosaji na hujafungua skrubu hata moja ya fremu.

Kinyume chake, yaani kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachoshuka, kinasomwa hivyohivyo. Nira haikushuka: ufito au kifyatuo kimenasa. Nira imeshuka lakini kemu imelala tu: mpira umekuwa mgumu na unang'aa, au ekseli ya kemu imekauka. Kemu imezunguka na rodi imepanda lakini hakuna kalibu: panda kwenye magazini.

Naweza kupulizia oili ya kopo ndani ya kibodi ili vitufe viwe laini? – Msomaji, Kisumu

Hapana. Vitakuwa laini kwa wiki moja, na mwezi unaofuata utakuwa unang'oa fito zote. Fito na nyenzo za vitufe hazipakwi oili kamwe. Zisafishwe kwa petroli kidogo kwenye brashi, nje penye hewa, mbali na moto, zikauke kabisa, kisha zipakwe unga wa grafaiti. Penseli laini iliyosuguliwa kwenye msasa inatoa grafaiti ya kutosha.

Kwenye kemu, sehemu moja tu inayostahili oili ni ekseli yake: tone moja dogo la oili nyepesi ya saa, likiwekwa kwa ncha ya sindano, kisha kinachozidi kifutwe. Kemu izunguke kwa kupulizwa na pumzi. Meno yake yasuguliwe kwa brashi kavu, na yasiwe na oili hata chembe, kwa sababu oili hiyo itahamia kwenye rola, na mpira wa asili ukinywa oili unavimba. Petroli nayo ni adui wa mpira huo. Rola isafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikaushwe.

Mlioko mwambao mna shida ya ziada, hewa ya chumvi. Fito zinashika kutu kwenye sehemu zinazoteleza, na kutu hiyo inafanya kazi sawa na ile gundi ya oili. Funikeni mashine kwa kitambaa cha pamba kila jioni. Plastiki inafungia unyevu ndani.

Rola zetu zimekuwa ngumu kama mfupa. Tunaweza kuvisha bomba la mpira la kawaida? – Karakana ya shule, Bukoba

Mnaweza, mkipima. Kinachoamua ni kipenyo cha nje. Mpira ukiwa mnene mno, kemu zinagusa rola hata zikiwa zimepumzika, mtasikia mngurumo na meno yatakula mpira usiku na mchana. Ukiwa mwembamba, kemu inashuka na kuning'inia hewani. Pimeni rola ya zamani mwishoni, mahali ambapo kemu hazifiki, maana katikati imeshaliwa.

Kabla ya kununua, jaribuni msasa laini. Ikiwa ugumu ni wa juu tu, sugueni rola ikiwa imetolewa, kwa mizunguko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka ule mng'ao utoke na mpira uwe na ngozi kavu yenye kushika. Ukiwa na nyufa, au vidole haviuminyi kabisa, umekwisha.

Kuuvua mpira wa zamani, pasueni kwa kisu kwa urefu wake. Kuuvisha mpya ndiyo kazi. Pakeni shafti poda ya watoto kwa wingi, kisha sukumeni mpira huku mtu wa pili akipuliza hewa ya kompresa kidogo upande mmoja; hewa inaupanua na unateleza wenyewe. Msiuvute kwa koleo, utavutika na kuwa mwembamba upande mmoja, na herufi za upande huo zitaanza kuchelewa. Dalili ya kuchelewa ni herufi kubadilishana nafasi, mfano «na» kutoka «an», na wengi wanamlaumu mpigaji.

Tunapanga maandishi ya Kiswahili kwenye mashine ya maonyesho huku Ulaya. Kemu gani zisafishwe kwanza? – Msomaji, Uholanzi

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Vitufe vya Linotype vimepangwa kwa wingi wa herufi za Kiingereza: mstari wa kwanza wa wima kushoto ni e, t, a, o, i, n, wa pili s, h, r, d, l, u, wa tatu c, m, f, w, y, p, na wa nne v, b, g, k, q, j. Kiswahili hakifuati hesabu hiyo. Kwetu «a» ndiyo mfalme, ikifuatwa na «i», na «k» ambayo Kiingereza kiliitupa mstari wa nne inafanya kazi mchana kutwa, pamoja na «w» ya mstari wa tatu. Mwongozo wa kiwandani ukikwambia anza na «e» na «t», wewe anza na a, i, u, n, k, w na m.

Mnapofungua fremu, basi, hizo saba zitoeni kwanza, muoshe, mpake tone la oili kwenye ekseli, mrudishe. «q» na «x» zinaweza kusubiri mwakani. Tazameni pia magazini: kalibu za «a» zinaisha kwenye njia yake kabla mstari mrefu haujakamilika, mpigaji anabonyeza na hakuna kinachoshuka, na fundi anakimbilia kibodi ambayo haina kosa. Chungulieni magazini kwanza. Kama ni tupu, ongezeni kalibu za «a» njia ijae, mjaribu tena kabla ya kugusa bisibisi.