Ukifika Tanga, anzia Bustani ya Jamhuri

Wageni wengi wanaoniomba ushauri kuhusu Tanga huulizia kwanza mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na kote huko kunastahili safari. Hata hivyo, mimi niliyekulia Ngamiani na kuwatembeza jamaa na marafiki wengi mjini humu, huwashauri waanzie Bustani ya Jamhuri, ile inayotazamana na bandari, kwa sababu mtu akikaa pale na kuielekea bahari huwa amezungukwa na karibu kila kitu kilichoujenga mji huu.

Nenda baada ya sala ya Alasiri. Mchana jua la pwani halimpi mtu utulivu wa kutazama kitu, lakini jioni upepo huvuma kutoka baharini, watoto hukimbizana, na muuza kahawa hupita na dele lake la moto akigonganisha vikombe mkononi, kashata za karanga zikiwa zimepangwa kwenye sinia. Nunua kahawa, kaa, usiwe na haraka.

Tazama kwanza majini. Kisiwa kidogo unachokiona ndani ya bandari ni Toten, na juu yake yamo magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili waliokaa hapa kabla Mjerumani hajatia nanga. Nalisisitiza hili kila mara, maana wapo wanaosimulia Tanga kana kwamba ilizaliwa na wakoloni, na mtoto wa hapa hapaswi kukua akiamini hivyo. Kisha tazama meli. Kwa miaka mingi maji ya gatini yalikuwa machache, hivyo meli kubwa zilisimama mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Siku hizi gati zimeongezwa kina hadi mita 13 na meli hufunga moja kwa moja, jambo ambalo wazee waliofanya kazi bandarini hulieleza kwa furaha ya wazi.

Bandari hiyo haiwezi kuelezwa bila reli na mkonge. Ujenzi wa reli ya kwanza ya Tanganyika ulianzia hapa Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, nchini Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, hata mwaka 1964 uzalishaji ukazidi tani 200,000, kabla nyuzi bandia za viwandani hazijaporomosha bei. Ukimwonyesha mtoto bandari hii, mweleze pia habari za manamba, yaani vibarua waliochukuliwa kutoka Songea, Kigoma na kwingineko kwenda kukata mkonge kwa ujira mdogo, kwa sababu utajiri uliopakiwa melini ulitoka mikononi mwao, na wajukuu wao ni majirani zetu hadi leo.

Kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi wamesikia kisa cha nyuki na hawajui zaidi. Novemba 1914 Waingereza walishusha Ras Kazone jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakakutana na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, cha watu wapatao 1,000 tu, Wajerumani na askari Waafrika. Makundi ya nyuki yalichokozwa na milio ya risasi, yakawashambulia watu porini, lakini nyuki peke yao hawakuamua vita. Wavamizi walikuwa wamepoteza siri ya kuja kwao, na Wajerumani walipata muda wa kuleta askari kwa reli ileile. Waingereza walirudi melini wakiacha silaha na risasi nyingi ufukweni, na hawakuutwaa mji hadi Julai 1916.

Asubuhi inayofuata, kabla jua halijawa kali, tembea kwa miguu kuanzia hapohapo bustanini. Mnara wa saa wa Wajerumani uko karibu, na mwishoni mwa Barabara ya Soko utaona mnara wa kumbukumbu ya askari pamoja na makaburi. Usiipite maktaba ya mkoa, iliyofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Mfalme George wa Sita, kwani ua wake wa ndani wenye matao ni mahali pazuri pa kupumzika. Jirani yake ni Boma la zamani, ambalo sasa ni Makumbusho ya Urithi, na mimi hukaa muda mrefu zaidi mbele ya picha za mji wa kale, nikilinganisha mitaa ya wakati ule na ninayoijua.

Ukiweza, fuatana na mzee wa Chumbageni au Ngamiani aliyefanya kazi bandarini, relini au kwenye mkonge. Mwamkie kama inavyostahili, mnunulie kahawa, na muulize mapema, wakati bado mmekaa bustanini, kwa sababu mkishaanza kutembea atakutana na watu wa kusalimiana nao kila kona na mazungumzo yatakatikakatika.