Tetemeko likipita na usafiri ukakwama: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi ya mara hii yanauliza jambo moja: ardhi ikitikisika, treni zikasimama na daladala zikaganda, mtu anafikaje nyumbani? Nimechukua machache.

Hivi Dodoma nako kuna matetemeko, au tunatishana tu? – Mkazi wa Chang'ombe

Yapo. Tumekaa kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa karibu 5.5 liliutikisa mji huu, na Julai 2016 likaja lingine la 5.2. Miezi miwili baadaye, Septemba 10, ikawa zamu ya Bukoba: 5.9, na huko watu walikufa. Kilichobadilika hapa ni mji wenyewe. Mwaka 2002 wizara nyingi zilikuwa hazijahamia, na SGR, reli ya treni za umeme ya kutoka Dar, ilifika Julai 2024 tu. Leo mtu analala Nkuhungu, anafanya kazi Mtumba, mtoto anasoma Kisasa.

Nipo Mji wa Serikali Mtumba, kwangu ni Nkuhungu. Barabara ikifunga, nitembee? – Mtumishi

Unaweza, ila usitoke saa ileile. Machi 11, 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la 9.0 lilisimamisha treni za Tokyo na vitongoji vyake. Watu wapatao milioni tano wakakosa namna ya kurudi makwao siku ile. Waliochagua kutembea walijaa barabarani usiku kucha, na magari yakawa hayasogei. Jiji la Tokyo lilijifunza: tangu Aprili 2013 kuna sheria ndogo inayowataka waajiri wawabakize wafanyakazi ofisini kwanza, na waweke akiba ya maji na chakula ya siku tatu. Mimi naona inatufaa hata sisi, maana ambulensi na zimamoto wanatumia Barabara ya Morogoro hiyohiyo unayotaka kuijaza wewe.

Sasa piga hesabu. Mtumba hadi Nkuhungu ni kilomita 20 na ushei. Mwendo wa kawaida ni kilomita nne kwa saa, kwa hiyo ni saa tano au zaidi, bado hujapumzika. Ukiondoka saa tisa alasiri, giza linakukuta hujafika nyumbani, na umeme huenda haupo. Kama jengo lenu limekaguliwa na ni salama, lala hapo. Kama si salama, kaa uwanjani na wenzako, uondoke alfajiri kabla jua la Dodoma halijakasirika.

Siku ya kutembea, pitia Ihumwa na Nanenane, barabara kuu, si njia za mkato za mitaani. Fensi za tofali zilizosimamishwa bila nguzo ndizo za kwanza kulala mtetemo mwingine ukija, na mtetemo mwingine huja. Kwenye droo ya ofisi weka raba na chupa kubwa ya maji. Dada zangu wa visigino virefu, hili nalisema nikiwatazama nyinyi.

Mimi na mke wangu tuko kazini, watoto wawili wako shule mbili tofauti. Nani akimbie wapi? – Baba wa Ilazo

Hili ndilo linalowatoa watu ofisini mbio, na siwalaumu. Dawa yake inatengenezwa kabla. Kaeni mezani leo: mzazi aliye karibu na shule ya mdogo anamfuata mdogo, mwingine anamfuata mkubwa, na hakuna anayebadilisha mpango njiani. Kisha tafuteni jirani ambaye hafanyi kazi mbali, mpelekeni shuleni mwalimu amwone sura, na jina lake liandikwe kuwa anaruhusiwa kuwachukua. Mwalimu mwenye akili hamkabidhi mtoto kwa "mjomba" aliyejitokeza getini siku ya taharuki. Mkichelewa, mtoto aliyekaa kiwanjani na mwalimu wake yuko pazuri kuliko wewe unayekimbizana na malori.

Simu zitasumbua kwa sababu kila mtu anapiga. Tumeni meseji fupi: "Mzima. Niko na Juma shuleni." Chagueni pia ndugu mmoja aliye mbali, tuseme shangazi wa Mwanza, kila mtu amtumie yeye, naye awajulishe wengine.

SGR ikisimama porini, tushuke? – Msafiri wa kila mwezi

Msishuke mpaka wahudumu waseme. Nyaya za juu zina volti 25,000, na ikiwa waya umeanguka huwezi kujua kwa macho kama una umeme. Treni itachelewa hata kama haijaguswa, kwa sababu reli, madaraja na yale mahandaki ya upande wa Kilosa lazima yakaguliwe kwanza. Panda na maji yako na kitu cha kutafuna.

Mwanangu anasoma Tokyo. Nikisikia tetemeko nampataje? – Mama, Kondoa

Mama, usipige simu mfululizo. Wajapani wana huduma ya namba 171: aliye huko anaacha ujumbe wa sauti, na ndugu wanausikiliza kwa kutumia namba yake ya simu. Kwako Kondoa tumia ya mtandaoni, inaitwa web171. Mwambie mapema namba ipi mtakayoitumia, vinginevyo haisaidii. Maduka mengi madogo ya huko yameweka makubaliano na serikali za miji kuwapa wanaotembea maji, choo na taarifa za njia.

Bodaboda wakipandisha kutoka buku mbili hadi buku kumi, nifanye nini? – Jina limehifadhiwa

Patana kabla hujapanda, au changeni watatu mchukue bajaji. Na kama barabara imepasuka, usimlazimishe akupitishe.